Kwa Nini Sokwe Anatushinda Mieleka



Hapa Kigoma sina haja ya kumweleza mtu sokwe ni mnyama gani. Gombe ipo kaskazini mwa mji huu, mwendo mfupi wa boti, na kusini kuna Mahale. Sote tumekua tukisikia kwamba sokwe dume mmoja ana nguvu za wanaume watano; msimulizi akinogewa hufikisha kumi. Naomba tuanze na hesabu hiyo, kwa sababu imekosewa, na kosa lake limezaa maelezo mengi ya ovyo kuhusu sisi wenyewe.

Hao wanaume watano wana asili yao. Katika miaka ya 1920 Mmarekani mmoja, John Bauman, alipeleka mizani ya kupimia mvuto kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, akangoja sokwe waivute. Dume aliyeitwa Boma, mwenye kilo 75 hivi, alivuta kwa mkono mmoja hadi pauni 847, yaani kilo 384. Jike aliyeitwa Suzette, mwepesi kuliko Boma, alifikisha pauni 1,260, zaidi ya kilo 570. Wanaume aliowapima Bauman hawakukaribia hapo. Akachapisha matokeo yake, na tangu wakati huo watu wanayarudia tu, kila mmoja akiongeza chumvi kidogo.

Lakini hebu tumtazame Boma vizuri. Alipovuta alikuwa amekanyaga ukuta kwa miguu. Mkono ni mmoja, sawa, ila mgongo na mapaja yote yalikuwa kazini, na mizani haijui kutofautisha mkono na mgongo. Suzette naye siku hiyo alikuwa amepandwa na hasira. Mwaka 1943 mtafiti mwingine, Glen Finch, alirudia jaribio kwa utaratibu mkali zaidi huko Florida. Sokwe wake walivuta karibu sawa na wanaume wazima. Walionekana kuwashinda pale tu alipozingatia uzito wa mwili, kwa kuwa sokwe ni mdogo kuliko mtu.

Jibu lenye uzito zaidi lilikuja mwaka 2017. Matthew O'Neill na wenzake huko Marekani walichukua vipande vidogo vya misuli ya sokwe, wakapima nyuzi zake maabara, kisha wakatumia kompyuta kukadiria msuli mzima unaweza nini. Walipata kwamba msuli wa sokwe unauzidi wa mtu wenye ukubwa uleule kwa mara 1.35 unapofanya kazi ya kasi. Walipokusanya majaribio yaliyowahi kufanywa ya kuvuta na kuruka, wastani ukawa mara 1.5 kwa kila kilo ya mwili.

Mara moja na nusu. Sokwe dume wa Gombe ana kilo 40 hivi. Frodo, aliyeogopwa na sokwe wenzake na hata na watafiti, alipita kilo 50, na huyo alihesabiwa kuwa jitu. Sasa mchukueni mwanamume wa kilo 70, mkulima wa jembe la mkono, mvutanishe kamba na dume wa kawaida. Siwezi kuwahakikishia nani ataburuzwa. Msijaribu lakini! Sokwe ana meno ya chonge, anashika kwa miguu kama anavyoshika kwa mikono, na hatambui refa. Kwenye mieleka atatushinda, na sehemu kubwa ya ushindi huo itatokana na wepesi na ukali wake kuliko uwezo wake wa kuvuta.

Tofauti ipo, basi, ila ni ndogo kuliko tulivyosimuliwa. Imekaa wapi?

Msuli umeundwa kwa nyuzi za aina mbili kuu. Zipo za kasi, ambazo hujikaza ghafla, hutoa nguvu nyingi na kuchoka upesi. Zipo za polepole, ambazo nguvu yake ni ya kiasi lakini hufanya kazi saa nyingi bila kula nishati nyingi. Kwa sokwe, asilimia 67 ya nyuzi ni za kasi. Kwa binadamu, takriban asilimia 70 ya nyuzi za misuli ya miguu na mikono ni za polepole. Na kilichonivutia zaidi katika utafiti ule hakikumhusu sokwe. Alipolinganishwa na wanyama wengine wanyonyeshao, sokwe alionekana mnyama wa kawaida kabisa. Aliyetoka mstarini ni mtu. Nguvu za sokwe hazidai maelezo. Unyonge wetu ndio unaodai.

Maelezo yanayopendwa mnayajua. Mtu alipata akili, akabuni zana, nguvu zikakosa kazi, zikaisha. Tunayapenda kwa sababu yanatufanya tuonekane tumepandishwa cheo. Mwaka 2004 yalipata hata jeni ya kuyatetea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba jeni iitwayo MYH16, inayohusika na misuli ya taya kwa nyani, kwetu imeharibika, wakakadiria kwamba iliharibika miaka milioni 2.4 iliyopita, karibu na wakati ubongo ulipoanza kukua. Ikasemwa kwamba taya zililegea, fuvu likapata nafasi, ubongo ukapanuka. Hadithi tamu sana. Mwaka uliofuata wengine wakapiga hesabu upya wakapata zaidi ya miaka milioni 5, wakati ubongo wa wahenga wetu ulikuwa bado wa ukubwa wa sokwe na ungebaki hivyo kwa muda mrefu.

Mimi nawaomba tuuweke ubongo kando kwanza, tuitazame mifupa. Mfupa una tarehe, na Afrika Mashariki tunayo mifupa ya kutosha kusimulia sehemu kubwa ya habari hii.

Mfupa hunenepa pale unapobebeshwa mzigo. Ukiupiga picha ya eksirei na kupima unene wa ukuta wake, utajua mwenyewe aliutumikisha kiasi gani. Kwa sokwe, mfupa wa mkono wa juu na mfupa wa paja vinakaribiana kwa uimara, kwa sababu anapopanda na kuning'inia mitini mikono hubeba mwili mzima. Kwa mtu, paja limeuacha mkono mbali. Kwa hiyo ukipata mkono na paja la mtu mmoja wa kale, unaweza kukadiria kama aliishi maisha ya mkono au ya mguu.

Anzeni Laetoli, kusini mwa Ngorongoro. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Kisigino kinatua kwanza, kidole gumba kimenyooka sambamba na vingine. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wakiwamo, wakapata nyayo nyingine karibu na zile za mwanzo. Waliopita pale walitembea wima, na ubongo wao ulikuwa mkubwa kidogo tu kuliko wa sokwe.

Mikono yao je? Laetoli haikutuachia mikono ya kupima vizuri, lakini Ethiopia imetuachia mifupa ya Lucy, wa jamii ileile, aliyeishi miaka milioni 3.2 iliyopita. Mwaka 2016 Christopher Ruff na wenzake walichapisha vipimo vya mifupa yake. Mikono ya Lucy ilikuwa imara kuliko ya mtu wa leo kwa ukubwa wake, iko kati ya mtu na sokwe. Alitembea ardhini mchana, na pengine usiku alilala mtini.

Sasa njooni Oldupai. Mwaka 1986, katika bonde lile ambalo kila mtoto wa shule ya msingi ameligusa kwenye ramani, vilipatikana vipande zaidi ya 300 vya kiumbe mmoja aliyepewa namba OH 62. Ni mdogo, urefu kama mita moja, na anawekwa katika kundi la Homo habilis, yaani jamii yetu wenyewe, mwenye kupewa sifa ya ufundi wa zana. Umri wake ni miaka milioni 1.8. Ruff alipopima uwiano wa mkono na paja mwaka 2009, OH 62 aliangukia upande wa sokwe. Mkono wake ulikuwa bado mkono wa mpandaji.

Hapo ndipo hadithi ya "zana zilimaliza nguvu" inapokwama. Zana za mawe za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3. Kutoka Lomekwi hadi OH 62 ni miaka milioni moja na nusu. Muda wote huo kulikuwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili, waliopasua mawe, na ambao bado walikuwa na mikono ya nguvu. Kama jiwe lenye makali lingetosha kuulegeza mkono, lilikuwa na nafasi ya kutosha kufanya hivyo.

Badiliko linaonekana kwa Homo erectus. Mwaka 1984 Mkenya Kamoya Kimeu, mwenye macho ambayo wasomi wengi wenye shahada waliyaonea wivu, aliokota kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome. Chini yake palikuwa na sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyefariki miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Ana miguu mirefu na nyonga nyembamba. Kwa viumbe wa kundi lake, uwiano wa mkono na paja ni wa kwetu. Hawa walikuwa wameuacha mti jumla. Hawakuupanda kila siku kutafuta chakula wala kila usiku kutafuta malazi.

Huu ndio msimamo wangu: mkono wetu ulidhoofika tulipoacha kuishi mitini, na akili haikuwa chanzo. Nyuzi za msuli haziachi visukuku, kwa hivyo hakuna anayeweza kuonyesha siku ambayo zile za polepole zilichukua nafasi ya zile za kasi. Lakini ukijua mguu ulipewa kazi gani, si vigumu kuona kwa nini zilihitajika.

Kazi yenyewe ilikuwa safari. Matunda ya msituni yapo karibu. Sokwe wengi hutembea kilomita chache tu kwa siku, kisha hukaa na kula. Mbugani chakula kimetawanyika. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao bado hula kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kulina asali, hutembea kilomita nyingi karibu kila siku, mwanamume kwa kawaida zaidi ya 10. Mnyama mwenye nyuzi za kasi angemudu safari hiyo kwa gharama kubwa mno. Mwaka 2007 watafiti waliwatembeza sokwe na watu kwenye mashine huku wakipima pumzi zao. Mtu alitumia nishati pungufu kwa asilimia 75 hivi kuliko sokwe. Ongezeni kano ndefu ya kisigino, inayorudisha sehemu ya nguvu katika kila hatua ya mbio, na ngozi inayotoa jasho mwili mzima. Mwaka 2004 Dennis Bramble na Daniel Lieberman waliandika kwamba viungo vingi vya mwili wetu vina maana tu ukidhani tuliumbika kwa mbio ndefu. Nadhani walitilia mkazo mno mbio na kusahau kwamba mwendo wa kawaida ndio unaokula siku nzima. Hata hivyo, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025, alikuwa akifanya jambo ambalo hakuna sokwe aliye hai angelifikisha robo.

Mhadzabe akitaka asali iliyo juu ya mbuyu, hakwei shina kwa mikono kama sokwe. Huchonga vigingi vya mti, akavipigilia kwenye shina kwa shoka, kimoja juu ya kingine, akakanyaga kila anapopigilia. Mbuyu ni mnene, haukumbatiki. Anaupanda kama ngazi, kwa miguu, na mkono kazi yake ni kupiga kigingi palepale panapotakiwa.

Kazi hiyo ya kupiga palepale si ndogo. Alan Walker, mmoja wa waliofukua mifupa ya Nariokotome, alitoa wazo mwaka 2009 ambalo halijathibitishwa lakini linanishawishi. Ubongo huamuru msuli kupitia mishipa ya fahamu, na kila mshipa huamsha kundi la nyuzi. Tazameni taa za ukumbi huu. Kama zote zingekuwa kwenye swichi moja, mngepata mwanga mwingi au giza, basi. Kila taa ikiwa na swichi yake, mnaweza kuwasha moja tu hapo mezani. Walker alidhani sokwe ana swichi chache zinazowasha nyuzi nyingi kwa pamoja, nasi tunazo nyingi zinazowasha chache chache. Akiwa sahihi, sehemu ya nguvu tunazokosa ndiyo tuliyolipia uwezo wa kupitisha uzi kwenye tundu la sindano.

Na kurusha pia. Sokwe wa Gombe hurusha mawe na matawi, hasa madume wakijitutumua, ila mara nyingi hawapigi walichokusudia. Utafiti wa Neil Roach wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba bega na kiuno chetu hujipinda na kuhifadhi nguvu kabla ya kuifyatua. Sokwe mzima hurusha kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa saa. Mrushaji hodari wa besiboli hupita 140. Huyo mnyonge ana jambo lake!

Sasa ubongo unaweza kurudi, maana una sehemu yake, ingawa ulichelewa kufika mezani. Una asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyepumzika. Kwa mtoto ni balaa. Christopher Kuzawa na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba mtoto wa miaka 4 au 5 hutumia zaidi ya asilimia 40 ya nishati yake yote ya siku kwa ajili ya ubongo. Wakati huohuo mwili wake hukua polepole kuliko umri mwingine wowote wa utoto. Mama anayelalamika kwamba mwanawe anakula na hanenepi anaiona biashara hiyo ikifanyika sebuleni kwake. Sokwe wa umri huo anaanza kujitafutia chakula mwenyewe. Wetu bado anategemea wazazi, bibi, shangazi na majirani, kwa miaka kumi mingine au zaidi.

Msidhani kwamba tulibana matumizi. Herman Pontzer na wenzake walipima mwaka 2016, wakaona kwamba mtu hutumia takriban kilokalori 400 zaidi kwa siku kuliko sokwe, ukizingatia ukubwa wa mwili. Na tunabeba mafuta. Adrienne Zihlman na Debra Bolter walipasua miili ya bonobo, binamu wa sokwe huko ng'ambo ya Mto Kongo, wakakuta madume karibu hawana mafuta kabisa. Mtu mwenye afya nzuri anayo, na mtoto mchanga wa binadamu ni miongoni mwa wachanga wenye mafuta mengi kabisa. Hiyo ni akiba ya siku ambayo chakula hakipatikani na ubongo haukubali kupunguziwa mgawo. Katika kila kilo ya mwili wetu, sehemu ambayo kwa sokwe ingekuwa msuli kwetu ni akiba.

Nimeacha wale wanaosema kwamba tulidhoofika kwa sababu tulifuga tabia zetu, madume wakapunguza kupigana. Chonge zetu zilianza kupungua zamani sana, hilo ni kweli. Lakini chonge na msuli wa mkono ni vitu viwili, na nisingependa kuvichanganya kwa sababu tu maelezo yanapendeza.

Kuna sehemu ya unyonge wetu ambayo haina hata miaka elfu kumi. Mwaka 2017 Alison Macintosh na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walilinganisha mifupa ya wanawake wakulima wa mwanzo wa Ulaya ya Kati na ya wanawake wa leo, wakiwamo wapiga makasia wa chuo hicho wanaofanya mazoezi makali kila wiki. Wakulima wale wa kale, kwa ukubwa wa miili yao, walikuwa na mifupa ya mikono yenye uimara zaidi kwa asilimia 11 hadi 16 kuliko ya wapiga makasia. Watafiti walitaja kusaga nafaka juu ya jiwe miongoni mwa kazi zilizoijenga. Jeni zao ni zetu. Kwa hiyo mkisikia kijana anasema amezaliwa mnyonge, jueni kwamba sehemu ya madai hayo inajibiwa na kinu na mchi.

Nimalizie kwa jambo linalonikosesha raha. Hoja yangu kuu, kwamba mkono ulibaki na nguvu hadi Homo habilis kisha ukadhoofika kwa Homo erectus, inaegemea mifupa michache mno. Kwa upande wa habilis inamwegemea OH 62 kuliko mwingine yeyote, na yeye ni vipande 302 vilivyochakaa, baadhi havina ncha. Akipatikana mwingine mwenye mkono mwembamba na paja nene, itabidi nije tena hapa Kigoma kuzungumza tofauti. Atapatikana Oldupai, au Laetoli, au Turkana, na wa kumtafuta ni vijana wa ukanda huu waliosoma biolojia na jiolojia. Wanafunzi mlioko nyuma, masomo hayo yanafundishwa vyuoni kwetu. Jiandikisheni.